Dawa Tuliyowapa Kuku

Mtafiti wa vijidudu kutoka hospitalini alipokuja bandani kwetu mara ya kwanza alivaa buti nyeupe pe. Nikamwambia, "Mwanangu, kuku hawa hawajazoea wageni rasmi." Akacheka. Akachukua kinyesi kwa kijiti chenye pamba, akakitia kichupani kwa adabu kama anapakua mchuzi, kisha akatoa karatasi ya maswali.

"Bibi, mnawapa kuku dawa gani?"

"Vitamini tu. Na matusi, wakigoma kutaga."

Mdogo wangu, ninayefuga naye tangu tufiwe na waume zetu, alikuwa anazoa maranda. Akainama zaidi asionekane anavyocheka. Yeye ndiye aliyekoroga dawa ya unga kwenye maji ya kuku kila Jumatatu, waugue wasiugue. Kinga, tulisema. Dawa ikilegea, mwenye duka la dawa za mifugo alitupa kali zaidi. Nilificha kwa woga: watu wakijua, nani atanunua mayai yetu?

Mwezi haujaisha, seng'enge ya banda ikamchana mdogo wangu mguu. Tukaufunga kitambaa, akaendelea kuzoa. Siku ya nne mguu umevimba kama mto wa kulalia, homa inamtetemesha. Tukalazwa. Nasema tukalazwa kwa sababu sikubanduka pale kitandani.

Daktari alimdunga sindano siku tano. Homa ikazinywa kama maji. Siku ya sita akaingia mtafiti wangu wa buti. Daktari ndiye aliyemwita.

"Bibi, vijidudu vya bandani kwako tumevijaribu kwa dawa mbili, havifi. Vimezizoea. Usaha wa mgonjwa tumeupeleka maabara jana, majibu bado, na daktari lazima abadilishe dawa leo. Niambie kweli, mliwapa kuku nini?"

"Kwani mwenyewe hamkumwuliza?"

"Aliulizwa siku ya kwanza. Alisema vitamini tu."

Nikamtazama mdogo wangu. Macho kafumba, midomo imekauka. Amenitunzia uongo wangu kama alivyonitunzia siri tangu utotoni. Hata homa haikumtoa neno.

Nikataja zote. Ya pakiti ya kijani, ya njano, ya kopo, na ile ya sindano ya ng'ombe tuliyoizimua kwa maji. Mtafiti alishika orodha ya dawa za hospitali. Kila nilipotaja, alikata moja na jamii zake kwa mstari. Ya kijani, akaniambia, ni jamii ile ile waliyomdunga siku tano. Nilipomaliza nikainama juu ya karatasi, natafuta pasipo na mstari.

"Hakuna nyingine, mwanangu?"

"Ipo. Hapa hatuna. Imeagizwa."

"Itafika lini?"

Akakunja karatasi bila kunitazama.

Alipotoka, mdogo wangu akafumbua macho.

"Dada, hujasema, eh?"

"Nimesema."

"Mjinga wewe. Sasa wateja je?" Pumzi ikamkata, akangoja irudi. "Kuku hawajambo?"

"Wazima," nikamwambia. "Wote. Wanataga."