Joto la Mama Mkwe

Kwa Wabukusu, mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, wala hawaoti moto pamoja. Heshima si utumwa, husemwa, lakini hii ilimtesa Makokha kila mvua iliponyesha Nabuyonga, mtaa wao wa Mbale, Uganda, na upepo wa mlimani ukashuka. Mama Wilkista alilala kibandani uani, kibanda kilichoegemea ukuta wa jiko la Makokha. Magoti yalimvimba kwa baridi, na akiota makaa, moshi ulimkaba kifua.

Alikuwa amevuka mpaka kutoka Kenya kumngojea bintiye Maximilla, mke wa Makokha, aliyeteremshwa garini na askari kwenye kizuizi cha barabara ya Jinja. Mwaka wa pili sasa, hakuna habari yake wala dalili. Gari likisimama nje, wote wawili walinyanyua shingo, kila mtu mlangoni pake. Hata salamu zao zilipitia kwa jirani yao Nambozo. Makokha alimwogopa yule mama, na alimhitaji kuliko chakula, maana Mbale nzima hakuna mwingine aliyemngoja Maximilla. Mama akirudi kwao, nani angesaidiana naye kuamini kwamba yu hai?

Basi akaamua kumpelekea joto bila kumpelekea moto. Kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, alikuwa fundi wa bomba katika kiwanda cha Mhindi Lalit kule Jinja, na kazi aliijua. Alitega pipa la maji, limezibwa vizuri, juu ya meko yake. Bomba la juu lilipenya ukuta hadi kwenye rejeta ya lori bovu, chuma kinachopoza maji ya injini, kando ya kitanda cha mama, na la chini likayarudisha maji pipani. Maji ya moto hupanda, yakipoa hushuka; yale yale huzunguka bila mashine. Darini akaweka debe dogo lililoungwa na bomba, maji yakitanuka yapate pa kwenda, asije akamlipua mama wa watu.

Siku ya kufunga rejeta, Nambozo alimkaribisha mama kwake. Makokha aliingia kibandani akafanya haraka kama mwizi, macho asiyainue kitandani, akatoka bila kumwachia mtu maelezo. Jioni akakoka moto. Bomba la jikoni likaunguza kidole, lakini Nambozo akachungulia: "Bwana Makokha, mama anasema chuma yako iko baridi tu." Akaenda zake kupika.

Fundi mzima akajipiga kofi la paji la uso. Hewa! Ilikuwa imekwama kwenye rejeta, na skrubu ya kuitoa iko upande wa mama. Aibu yake ndiyo iliyomsahaulisha kumwachia Nambozo maelezo. Akasimama ukutani, akakohoa.

"Mama. Iko skrubu hapo juu ya chuma. Zungusha polepole na sarafu. Hewa itoke. Maji ikianza kutoka, funga."

Hewa ikapiga mluzi, matone yakadondoka.

"Nimefunga," sauti ikasema. Baada ya kitambo: "Imepata moto, mkwe."

Tangu aje, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Makokha. Mwanamume akaketi chini, mgongo ukutani, akatabasamu peke yake kama mwehu.

Msimu wote wa mvua aliulisha ule moto, hata yeye alipokosa cha kupika. Mama akaanza kusimama, akaanza kufagia ua. Makokha akisikia ufagio, moyo ulimtulia: sasa hataondoka.

Jioni moja mama akagonga ukuta mwenyewe.

"Mkwe, magoti yangu imepona."

"Mungu asifiwe, mama."

"Sasa naweza panda gari. Twende kijijini kwenu, umzike bibi yako Maximilla. Mwili hatuna, tutazika mgomba, kama wazee wanafanya. Mimi nitasimama mbali."

Makokha alitaka kusema wangoje kidogo, kwamba watu wamewahi kurudi baada ya miaka. Kumbe mama alikuwa ameacha kumngoja Maximilla zamani. Alichongoja ni magoti yapone.

"Umesikia, mkwe?"

"Nimesikia, mama."

Akamsikia akianza kulia upande wa pili wa ukuta, naye akalia upande wake.