Mzee wa Kitanda cha Tisa

Amondi alikuwa ameuweka mguu wa mzee kwenye beseni, akimkata kucha ngumu kama kwato, mzee aliponong'ona kitu. Mkasi ukasimama.

"Mwache tu, anabwabwaja," alisema Chenge, mhudumu, bila kugeuka. "Tangu apooze ni hivyo hivyo. Mwaka wa pili sasa."

Hakuwa anabwabwaja. Alikuwa amesema, kwa Kijaluo cha Shirati, kwamba kidole kile kinauma, alegeze mkono. Amondi akamjibu kwa Kijaluo hicho hicho. Uso wa mzee ukakunjika upande mmoja tu, ule uliokuwa bado hai, akalia.

Ilikuwa mwaka 1995. Ruzuku imepungua, wahudumu wamepunguzwa kazini, na nyumba ile ya wazee pale Mkolani iliwategemea wanachuo waliokuja kila Jumamosi kusainiwa fomu za huduma kwa jamii. Wenzake Amondi walifua mashuka harakaharaka, wakaenda zao mjini. Yeye hakuwa na wa kwenda naye. Chuoni hakuna aliyeijua lugha ya mama yake. Siku nyingine alijikuta akiisema peke yake bombani, akikinga maji. Sasa akawa anaingojea Jumamosi.

Jumamosi ya tatu mzee alimwambia kwamba jina la Kisukuma wanalomwitia, Shimba, si lake. Yeye ni Ojwang, fundi wa mitumbwi; alipopooza Kiswahili kilimtoka, kikabaki Kijaluo. Waliletwa wawili siku moja kutoka hospitali, wote wamepooza, wote hawana ndugu karibu. Mwenzake alifariki baada ya wiki.

Amondi akaenda kwa msimamizi, Mama Leonsia, akamwamkia, akaeleza. Mama yule akafungua daftari, akalifunga.

"Ojwang tulishamzika, mwanangu. Na barua ya msiba tukaipeleka kwao."

"Mliyemzika ni Shimba, mama."

Mama Leonsia akalifungua tena daftari, akaitazama tarehe waliyoletwa wote wawili. Kisha akamwambia aiandike yeye barua, kwa Kijaluo, maana ya ofisi hawataiamini tena.

Aliiandika jioni ile. Hakuituma. Majuma mawili ilikaa ndani ya kitabu chake, na Jumamosi zikaja, mzee akimsimulia jinsi mtumbwi usiozibwa vizuri unavyokunywa maji kimyakimya. Siku moja akamuuliza kama barua imejibiwa. Amondi akasema bado. Jumatatu akaikimbiza posta kabla ya kipindi cha kwanza.

Akaja Odoyo, mwana wa Ojwang, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikwisha kumlilia baba yake na kumaliza matanga. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Akiwa pale pale akauliza mtumbwi wa kwanza aliouunda baba uliitwaje. Mzee akalitaja jina. Odoyo akaingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda.

Waliondoka siku ile ile. Mzee alimshika Amondi mkono, akamwita binti yangu, akapakiwa garini.

Jumamosi iliyofuata fomu yake ilikuwa imekwisha kujaa. Alikuja hata hivyo. Akaazima kopo la rangi kwa Chenge, akapita shamba la mihogo mpaka kaburini, kwenye msalaba wa mbao. Akalikwangua jina la Ojwang, akaandika Shimba. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua, wala kijiji, wala kama kuna mtu aliyewahi kumngoja. Alitaka kumwambia neno. Kisukuma hakukijua.

Akachuchumaa, akayapepea maandishi kwa kiganja, polepole, mpaka rangi ikaacha kung'aa.