Mwenzake wa Kunywa Maziwa

...na kidole hiki nacho, tazama, kimejikunja shingoni mwa kibuyu kama mtoto aliyeshika ziwa, jana kilikuwa kimelala tu kama mgeni asiyetaka kuondoka, na Lesikar anataka kucheka lakini mdomo bado umepinda upande mmoja, akicheka anafanana na mbuzi anayelamba magadi, ndivyo anavyosema Parsimei, na Parsimei huyu hapa mbele yake, goti kwa goti, kiganja chini ya kiwiko chake, anamwambia inua taratibu, bwana mkubwa... taratibu, anaambiwa Lesikar, ambaye Lemara nzima hakukuwa na morani wa kuruka naye, wasichana waliona nyayo zake kabla ya kuona uso, aliyebeba mawe ya boma la Wadachi mawili mawili pale wenzake walipoviringisha moja, hata mnyapara akasahau kiboko chake akabaki kutazama, si majigambo, waulizwe waliokuwepo... na siku hiyohiyo akamtania Parsimei mbele ya watu, jiwe lako ni dogo, linyonyeshe kwanza likue, na Parsimei akajibu, "Mgongo huo, ipo siku utaniomba nikubebe," watu wakacheka, na kabla mvua hazijanyesha Lesikar akainama kuinua jiwe, dunia ikalala ubavu, mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, ulimi ukawa kipande cha ngozi mbichi... kiharusi, alisema mama yake, Namnyaki, laana, alisema baba yake mdogo, Sakaya, na huyo Sakaya sasa yuko langoni na wazee, sauti zao zinapenya ua wa miba, wanamwambia mama kwamba ulimi wa kijana umerudi, basi leo amtaje aliyemlaani, na atakayetajwa rika litamtenga, hataketi na wenzake wala kunywa nao tena... kunywa... morani hanywi maziwa peke yake, hilo hata ndama anajua, bila mwenzake wa rika mbele yake kibuyu kinabaki kujaa na yeye anabaki na njaa zake, na mwanzoni walikuja wengi, wakimwimbia, wakimtania, kisha malisho yakakauka wakashuka nyikani na ng'ombe, akabaki huyu mmoja, kila asubuhi kutoka Olasiti, umande hadi magotini, kwa sababu asipokuja Lesikar atashindia uji wa ndizi kama bibi kizee asiye na meno, na hajakosa, hata siku ile mvua ya mawe ilipomchapa njiani alifika, kichwa kina nundu, akauliza maziwa yako wapi... na nani alimtoa chini ya lile jiwe, Mdachi? nani alimweka mgongoni akampeleka hadi kwa mama yake, mate ya mgonjwa yakimchuruzika shingoni, mbona hilo hakuliwaza, miezi yote alikuwa anacheua yale maneno ya Parsimei tu, utaniomba nikubebe, lakini mlaani gani anakuja kunyanyua kile alichokiangusha... lo, Lesikar, misuli yote ile na kichwani pumba, ule ulikuwa utani, tena wa kwako ndio uliouma zaidi, na mwili ulioringia kana kwamba uliufinyanga mwenyewe, kumbe kila tone la nguvu zake ulilinywa mtu akiwa ameketi mbele yako... ashukuriwe Mungu, Engai, kwa mguu unaowasha, mguu uliokufa hauwashi, ashukuriwe kwa kidole, kwa ulimi mzito huu... Sakaya ameingia uani, Lesikar anainamisha kichwa, kiganja cha mzee kinatua juu yake kwa salamu, na mzee anasema wenzake wanangoja jina, na Parsimei anatazama chini, mkono wake hautoki kwenye kiwiko, kumbe anajua ni jina lake linalongojwa, anajua tangu lini, na bado amekuja... ulimi unajikusanya, unasukuma, unateleza, unarudi, "Baba mdogo, sina wa kumtaja. Huyu ndiye anayeninywesha," na Sakaya anasimama, anaguna, hajapenda, hilo litakuwa na siku yake, na Parsimei anavuta kamasi kama mtoto, morani mzima, atataniwa sana kwa hilo, ila si sasa, sasa kibuyu kiko palepale kati ya magoti yao, hakijafika mdomoni, maziwa hayajapungua hata tone, na tumbo la Lesikar, ajabu, limeshiba.