Mlango wa Mfano

Ibtihal alikuwa ndiyo kwanza ametoka, mfuko wa takataka mkononi, sauti iliposhuka kutoka juu ya kizingiti na kumsalimu.

"Salaam aleikum, shemeji."

Alisimama. Ilikuwa sauti ya Hudhaifa, mdogo wa marehemu mumewe, na ilitoka kwenye kitundu cha kamera iliyofungwa juu ya mlango. Nyuma ya sauti hiyo alisikia mwanamume mwingine, mgeni kwake, akikohoa.

"Anatusikia kweli?" yule mgeni aliuliza.

"Anatusikia kama vile tumesimama naye hapo mlangoni. Shemeji, hebu mwambie mzee huyu, unasikia?"

"Nasikia," Ibtihal alisema.

"Umeona, mzee? Na sisi tupo dukani, yeye yuko nyumbani ghorofa ya tatu. Ahsante, shemeji. Endelea na kazi zako."

Kitundu kilikwaruza kidogo, kikanyamaza. Ibtihal alishuka ngazi. Alijua kwamba palipaswa kuwa na jambo la kuhisi hapo, aibu au hasira, akajipapasa moyoni kama mtu anayejipapasa mifukoni kutafuta chenji. Hakukuta kitu. Akatupa takataka, akapanda tena.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mumewe, Mutasim, alipoanguka dukani, kikombe cha chai mkononi, asiamke tena. Alimfuta machozi kila aliyekuja kumpa pole, kwa maana aliwapa vitambaa na maji ya kunywa, lakini yake mwenyewe hayakutoka. Alikula alipoletewa. Alilala alipoambiwa alale. Wanawake wa mji wa Irbid wanayaona mambo hayo, na waliyaona.

Kamera aliiweka Mutasim kwa mkono wake. Ilikuwa kazi yake, kuuza kamera na kuzifunga, na duka lake lilikuwa mkabala na kituo cha mabasi ya kwenda Ramtha. Alikuwa akisema kwamba mteja hana haja na picha ya tangazo, anataka kuona mlango wa kweli wenye viatu nje. Basi akaufanya mlango wao kuwa mfano. Akipata mteja anayesitasita humpigia mkewe simu, "Hebu toka kidogo," na Ibtihal hutoka na sinia, au hutoka akamkunjia uso, na kule dukani Mutasim humwambia mteja, "Huyo ndiye mke wangu, usimjali, picha si umeiona ilivyo safi?" Jioni walicheka juu ya wateja. Ulikuwa mchezo wa watu wawili, na Ibtihal hakuwahi kujiuliza mchezo huo ungekuwa wa nani mmoja wao akiondoka.

Baada ya maziko Hudhaifa alichukua duka kwa sababu lazima mtu alichukue, akachukua na simu ya marehemu kwa sababu wateja waliijua namba ile. Hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Mlango wa Ibtihal ulikuwa ndani ya simu hiyo.

Alhamisi moja wanawake walipanda kumtazama. Mama mkwe wake, Mama Mutasim, aliyeishi ghorofa ya chini pamoja na Hudhaifa, alileta birika la kahawa chungu na kukaa karibu naye. Alikuwapo pia Mama Laith, binamu wa mama mkwe, mwanamke mnene wa maneno mengi, ambaye alikuwa bado anahema kwa zile ngazi.

"Binti yangu," Mama Laith alisema, "mlango wako mimi naujua kuliko wangu."

"Umeujuaje wewe?" Mama Mutasim aliuliza. "Hujapanda ghorofa hii tangu harusi. Kwa magoti hayo?"

"Sikupanda ngazi, dada. Nilikwenda kwa Hudhaifa kumnunulia mwanangu kamera ya zizi la kondoo. Kijana akafungua simu, huyo! Nikamwona huyu anatoka na ndoo ya buluu, kavaa lile gauni lake la maua."

Wanawake wote wakatazama vikombe vyao. Gauni la maua, ndani ya eda.

"Lile ni la kufanyia usafi," Ibtihal alisema.

"Mimi nimesema neno? Nyumbani kwako hata ukivaa gunia. Nasema tu ile picha ni safi. Maua yale ungeweza kuyahesabu."

Mmoja wao akacheka ndani ya mtandio.

"Kamera ni ulinzi," Mama Mutasim alisema. "Mwanamke yuko peke yake huku juu. Afadhali jicho la shemeji yake kuliko jicho la mwizi."

"Jicho la shemeji sawa. Na langu je? Na la yule muuza kuku aliyekuwa akingoja zamu nyuma yangu?"

"Kunywa kahawa yako, wewe. Inapoa."

Walipoondoka Ibtihal aliosha vikombe, akalitia gauni la maua chini kabisa ya sanduku. Kisha akampigia Hudhaifa.

"Shemeji, naomba mlango wangu uutoe huko dukani."

"Kwani kuna nini, shemeji? Mtu amekusumbua?"

"Hakuna aliyenisumbua. Nataka mlango wangu tu."

"Haya, haya. Nitautoa. Nipe muda nitafute mwingine."

Alikuwa kijana wa ahadi nyingi, na zote aliziahidi kwa moyo safi. Alijaribu mlango wa nyuma wa duka, lakini pale mteja aliona maboksi na paka. Siku zikapita. Ibtihal akaanza kutoka mara chache zaidi, na akitoka alitoka ameuweka uso sawasawa kabla ya kushika kitasa, kama mtu anayekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Ndani ya nyumba yake alianza kuutazama ule mlango kana kwamba ulikuwa wa watu wengine, na yeye kapangishwa nyuma yake.

Ilimbidi kwenda mjini kutia saini karatasi za mirathi ya marehemu. Alimwambia mama mkwe kwamba angerudi alasiri. Ofisini kazi ikaisha upesi kuliko alivyodhani, na miguu ikamchukua mpaka kwenye duka.

Dirishani palikuwa na skrini kubwa ambayo hakuwa amewahi kuiona, imegeuzwa ielekee barabarani. Ilikuwa imegawanywa vipande. Kimoja kilionyesha maegesho ya magari, kingine ghala la mtu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa mlango wake, na viatu vyake vya ndani vimekaa nje vikimngoja.

Mwanamume aliyekuwa akila mkate wa ufuta na yai alisogea kumpisha.

"Dada, nawe unasubiri basi la Ramtha?"

"Hapana."

"Basi umekuja kuangalia sinema yetu." Alijipangusa ndevu. "Hiyo ya mlango haina mambo. Maegesho ni bora, juzi mtu aligonga gari la polisi, tukafurahi sana. Hapo mlangoni kuna mwanamke tu. Anatoka na takataka, anarudi. Wanasema ni mjane."

"Nani anasema?"

"Watu wa hapa kituoni. Mimi nimekataa. Mjane gani hata siku moja hatujamwona akifuta chozi?"

"Labda analia ndani."

"Labda," yule mtu alisema, akauma mkate. "Ndani hawajaweka."

Hakumtambua. Alikuwa amesimama naye bega kwa bega, na hakumtambua. Ibtihal alifikiri kwamba jambo hilo nalo lingemuuma siku nyingine, siku ambayo angekuwa mzima.

Kisha kwenye skrini mtu akatokea akipanda, ameshikilia ukuta. Alikuwa Mama Mutasim. Alibisha hodi. Akaweka sikio mlangoni, akangoja, halafu akatia mkono kifuani akatoa ufunguo na kuingia.

Ibtihal hakujua kwamba kulikuwa na ufunguo wa pili. Huenda ulikuwa ule wa Mutasim, uliorudi kutoka hospitali na vitu vyake. Akawaza dhahabu yake, ipo wapi. Akawaza hati za nyumba. Visa vya mama wakwe alikuwa amevisikia tangu utotoni, na sasa alivipitia kimoja kimoja bila haraka, macho yake kwenye mlango uliofungwa.

Mama mkwe alipotoka alikuwa ameshika sweta la kahawia, lile Mutasim alilokuwa akilivaa kazini wakati wa baridi. Alifunga mlango vizuri. Lakini hakushuka. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, chini ya kamera, akalivaa lile sweta juu ya gauni lake jeusi, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, na mikono ilikuwa mirefu ikamfunika vidole. Akaziba mdomo kwa ule wa kulia. Mabega yakaanza kutetemeka. Skrini ya dirishani haikuwa na sauti.

"Loo, leo kuna mambo!" yule mtu alisema, na akawaita wenzake waliokuwa kivulini. "Njooni, njooni. Kuna bibi analia."

Wakaja wawili, na wa tatu nyuma yao akiwa na mtoto begani.

Ibtihal alipiga hatua mpaka kwenye kioo. Akageuka, akakipa mgongo, akatanua baibui lake kwa viwiko kadiri lilivyotanuka.

"Dada, unatuziba," alisema yule wa mtoto.

"Naam."

"Sogea kidogo, basi."

"Sisogei."

"Kwani duka lako hili?"

Yule wa mkate alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alitazama viatu vyake, akatazama uso tena.

"Yule ni mama yako?" aliuliza polepole.

"Ni mama yangu."

Aliukunja mkate uliobaki ndani ya karatasi. Hakusema samahani, au alisema na haikusikika. Alichofanya ni kugeuka, akasimama kando yake, naye akiwa amekipa kioo mgongo, akawaambia wenzake, "Haya, haya, basi litawaacha." Walicheka kidogo, wakaondoka.

Hudhaifa alitoka dukani mikono juu.

"Shemeji! Unafanya nini hapa? Wateja hawaoni kitu."

"Fungua simu yako," Ibtihal alisema. "Angalia."

Aliifungua akiwa bado anaongea. Kisha akaacha kuongea. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akarudi ndani.

"Imezimwa, dada," yule wa mkate alisema baada ya muda. "Unaweza kushusha mikono."

Ndani, Hudhaifa alikuwa amekaa juu ya boksi.

"Sikujua," alisema.

"Ulijua."

"Kuhusu Mama sikujua, wallahi."

"Kuhusu mimi ulijua."

"Marehemu alikuwa akifanya hivyo hivyo, shemeji. Sikuzua mimi."

"Marehemu aliniomba. Wewe ulinikuta nimeshatundikwa."

"Basi nitaitoa dirishani. Ibaki kwenye simu yangu tu. Kwa usalama wako."

"Na kwenye simu yako siitaki."

"Ukipatwa na jambo usiku, nani atajua?"

"Nitapiga kelele."

"Na usiposikika?"

"Basi sitasikika, Hudhaifa."

Lilikuwa jibu baya, na alilisema kwa sauti ile ile ambayo angeagizia nyanya. Kijana akamwangalia kwa hofu. Lakini alichukua ngazi na bisibisi.

Siku hiyo hiyo kamera ilishuka. Mama Mutasim alitoka aliposikia bisibisi, akapanda mpaka juu. Macho yake yalikuwa makavu na mtandio umekaa sawa.

"Nani kakuambia uitoe?"

Hudhaifa, juu ya ngazi, akafungua mdomo. Akamtazama shemeji yake. Ibtihal alitikisa kichwa, kidogo tu.

"Mimi, Mama," alisema. "Mimi sikuitaka."

"Hukuitaka? Kaiweka kwa mikono yake mwenyewe! Mwanangu kapanda hapo, kajipiga nyundo kidole, nilimwona mimi. Mkono wake umebaki wapi tena nyumba hii?"

"Samahani, Mama."

"Hulii, nikasema kila mtu na maumbile yake. Watu wamesema, nimewafunga midomo. Lakini hata kitu chake hukitaki?"

Sentensi moja ingetosha kumjibu. Ibtihal aliishika mdomoni, akaona ilivyo nzito na ingeangukia wapi, akaimeza. Mama mkwe akashuka. Hudhaifa akaendelea kufungua skrubu, uso kwenye ukuta.

Usiku huo Ibtihal alifungua kabati. Sweta lilikuwa limerudishwa, limekunjwa kwa mkunjo ambao si wake wala haukuwa wa Mutasim. Alilifungia tena.

Kwa siku kadhaa Mama Mutasim hakumletea chakula wala hakupanda. Mlango wa chini ulikuwa wazi kidogo kama kawaida yake, na Ibtihal akipita aliisikia redio ikisoma Kurani, basi. Mwishowe, asubuhi moja, alisimama pale akiwa amevaa baibui na mkoba begani.

"Mama, natoka," alisema kupitia ule uwazi.

Redio ikaendelea kusoma.

"Sitarudi kabla ya alasiri. Kabisa. Nyumba nimeiacha haina mtu."

Kitu kama kikombe kiliwekwa mezani. "Unakwenda wapi, na eda yako hii?" sauti iliuliza. "Watu watasema."

"Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Mpaka alasiri, Mama."

Hakuwa na shughuli yoyote. Alitembea mpaka bustani iliyo nyuma ya chuo, akakaa kwenye benchi la saruji lililotazama uzio. Wanafunzi walipita, na mwanamke mmoja aliyemfahamu kwa mbali alipita pia, akamtazama yeye, akaitazama nguo yake nyeusi, akapunguza mwendo, halafu akaendelea. Hilo lingefika kwa Mama Laith kabla ya adhuhuri. Jua likahama kutoka magotini kwake hadi tumboni. Njaa ilimwuma, akaiacha imwume. Mara moja alidhani yuko karibu kulia, kumbe alikuwa anapiga miayo.

Adhana ya adhuhuri ikapigwa. Angeweza kurudi, lakini huenda ufunguo wa pili ulikuwa bado mlangoni. Alibadilisha mkao, akauweka mkoba mapajani, akakaa.