Picha Namba Kumi na Moja

Alwyn Pybus alikuwa na kauli yake, aliyoirudia kila mkutano wa klabu ya kamera ya Huon: picha za mandhari ni za waungwana, picha za sura ni za wambeya. Mlima hauna aibu, alisema. Upige ukiwa umevaa theluji, upige ukiwa umeungua na moto wa msituni, hautakuuliza kitu. Lakini uso una mwenyewe. Wenzake walimcheka wakambandika jina la Bwana Milima, naye akaendelea kujinyakulia kikombe cha mshindi wa mwezi kwa mawe na ukungu wake.

Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mgumu kama gogo. Hata kwenye mazishi ya mkewe, Beryl, hakuna aliyeliona chozi lake. Aliyekuja kuliona baadaye alikuwa mmoja tu, Colin Direen, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mwezi Juni Alwyn alimchukua Colin hadi kwenye ziwa alikomwaga majivu ya Beryl, mahali ambapo hakuwahi kumpeleka mtu. Walisimamisha kamera zao kwenye baridi kali, na Alwyn alipoinama kulitazama lile ziwa, kilio kikamjia bila hodi.

"Lia tu, ndugu yangu," Colin alimwambia. "Mimi sikutazami. Napiga vilima vyangu huku."

Basi akalia, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Alisikia kamera ya Colin ikibofya, naye akamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye staha.

Mkutano wa Julai ulifanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, kukiwa na chai na vikeki vya nazi. Mwamuzi, Bi Rosalind, alikuwa ametoka mji wa Hobart. Picha zilionyeshwa ukutani bila majina, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo mpaka mwamuzi amalize zote. Sheria hiyo aliitunga Alwyn mwenyewe, miaka tisa nyuma, kwa sababu watu walikuwa wanazitetea picha zao kama mawakili.

Picha namba nne ilikuwa yake: lile ziwa, alfajiri, maji yametulia.

"Nzuri," alisema Bi Rosalind, "ila ni tupu. Hamna mtu humo."

Beryl alikuwa humo.

Kisha ikaja namba kumi na moja, na Alwyn akajiona ukutani, mkubwa kama mlango. Pua nyekundu, mdomo wazi, kamasi inaning'inia. Chini yake kichwa cha picha: "Mgane".

"Ah! Mtazameni mzee huyu," alisema Bi Rosalind, sauti ikiwa imelainika. "Anadhani yuko peke yake. Hii ndiyo picha, jamani. Ona hiyo midomo."

Watu waliacha kutafuna. Mmoja akakohoa, mwingine akachungulia kikombe chake cha chai kana kwamba kimeingia nzi. Alwyn alitaka kupiga kelele, azime ile mashine ya kuonyeshea picha, avunje kitu. Sheria yake ikamkalisha kitini. Viti vitatu kutoka kwake, Colin alikuwa anavitazama viatu vyake, na hapo Alwyn alijua kwamba alikuwa amelizwa kwa ajili ya kikombe cha bati. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi.

Namba kumi na moja ikashinda. Kwa desturi, mshindi wa mwezi uliopita ndiye anayemkabidhi mshindi mpya kikombe, na mshindi wa Juni alikuwa Bwana Milima.

Alikwenda mbele. Bi Rosalind akamtazama, akautazama ukuta, akapiga makofi. "Kumbe ni wewe! Hongera, babu!"

Colin akaja, shingo upande. "Alwyn, kaka, usinikasirikie," alinong'ona. "Imetoka vizuri mno. Na ningekuomba, ungekataa."

"Ningekataa," alisema Alwyn. "Ndiyo maana mtu huomba."

Akamwekea kikombe mkononi. Mwenyekiti, Mama Heather, kwa mazoea tu, alikuwa ameshanyanyua kamera yake kuwapiga wawili hao picha ya jarida la klabu. "Haya, sogeleaneni," alisema. "Tabasamu kidogo."

Alwyn akaufunika uso wake kwa kofia, akasimama hivyo mpaka aliposikia kamera imeshushwa.