Wiki Sita Bila Sauti

Waumini walimwita Dakika Tano, ingawa si mbele yake. Mchungaji huyo hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Shida yake ilikuwa kinyume cha uvivu. Alikuwa na makanisa matatu, ibada tatu kila Jumapili, mahubiri ya redio kila Jumatano alfajiri, kamati ya ujenzi wa ukumbi, kamati ya ndoa, na simu mbili zisizojua kulala. Akiingia kwa mgonjwa, alikalia ukingo wa kiti na kusema, "Nina dakika tano tu, mpendwa, lakini nimeona nisipite bila kukusalimu." Aliomba, akasoma mistari miwili, na kabla chai haijamiminwa alikuwa mlangoni akitafuta viatu vyake.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Walipishana sebuleni kama watu wa zamu, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Kitindamimba wao, binti wa miaka tisa, aliwahi kuagizwa shuleni aandike habari za baba yake. Aliandika mistari minne. Wa tatu ulisema: "Baba yangu anamfanyia Mungu kazi, na nyumbani anakuja kuchaji simu." Mwalimu alimpa alama zote. Mchungaji alipousoma alicheka, akaupiga picha, akawatumia marafiki.

Sauti ilianza kukwaruza pole pole. Alikunywa asali, ndimu na tangawizi, akatafuna karafuu, akaendelea na ratiba yake. Jumapili moja, katika ibada ya tatu, aliinua mikono kutoa baraka za mwisho, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Waumini walisubiri wameinamisha vichwa. Walisubiri sana, wengine wakidhani ni upako. Mwishowe katibu wa kanisa alisimama akasema "Amina," watu wakatawanyika.

Daktari wa koo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwonyesha picha kwenye skrini: nyuzi mbili za sauti, kila moja na kinundu chake.

"Wiki sita bila kusema neno," alisema. "Na kunong'ona pia hapana, kunaumiza vilevile. Ukikaidi itabidi nikupasue, na hapo siwezi kukuahidi utabaki na sauti gani."

Mchungaji aliomba kalamu, akaandika: *Na Jumapili?*

Daktari alisoma. "Mungu alikuwepo kabla yako," alijibu, akamwita mgonjwa mwingine.

Wiki ya kwanza mdomo ulinyamaza, lakini vidole vikachukua zamu. Kufikia Jumatano alikuwa amemwandikia katibu ujumbe zaidi ya mia moja: nani ahubiri wapi, nani afungue kanisa, nani asiruhusiwe kushika kipaza sauti. Alhamisi asubuhi mkewe alizichukua simu zote mbili, akazitia kwenye mkoba pamoja na sare yake.

"Daktari kafunga mdomo, mimi nafunga simu," alisema. "Zitakaa na mimi wodini. Kule watu wanapiga kelele kwa sababu za maana."

Akabaki na daftari na miguu. Kila asubuhi alipaswa kwenda kliniki kuvuta mvuke, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukimbilia, alikwenda kwa miguu. Njia ilipita mbele ya karakana ya fundi makochi.

Ilikuwa banda la bati lililo wazi upande wa barabarani. Makochi yaliyovuliwa vitambaa yalisimama yakionyesha mbao na springi zao, na harufu ya gundi ilifika hadi upande wa pili wa barabara. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, anaukaribia umri wa miaka sitini, mpana wa mabega, na alizoea kubana misumari midogo midomoni wakati akifanya kazi. Zamani alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele. Tangu amzike mke wake, miaka miwili iliyopita, hakuonekana tena ibadani. Mchungaji alikuwa amepanga kumtembelea. Aliandika hivyo kwenye shajara yake mara nne, na mara nne akaisogeza siku.

Asubuhi moja alisimama hapo. Fundi aliitoa misumari midomoni, mmoja mmoja.

"Mchungaji."

Mchungaji aligusa koo lake, akatikisa mkono.

"Najua. Mtaa mzima unajua. Karibu ukae. Hapo hapana, springi itakuchoma. Kaa pale."

Mchungaji alikaa. Fundi alipigilia misumari mitatu, kisha akaanza kusema bila kugeuka.

"Siku namzika mke wangu ulihubiri dakika kumi na moja. Mimi sikuhesabu, aliyehesabu ni shemeji yangu. Jina la marehemu ulilitaja mara mbili, na mara moja ulilikosea. Ukaondoka udongo haujafika hata nusu ya kaburi. Nilikuona unabadilisha joho ndani ya gari. Ulikuwa unawahi harusi, na wenye harusi nawajua. Makochi yao nilitengeneza mimi."

Mchungaji alifungua kinywa kwa mazoea. Majibu alikuwa nayo, tena ya kweli: bibi harusi alikuwa amesubirishwa saa mbili, msaidizi wake alikuwa mgonjwa, barabara ilikuwa mbovu. Akakifunga. Aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, *Nisamehe*, akaichana karatasi na kumnyooshea.

Fundi aliitazama kwa mbali. "Sina miwani," alisema, akaitia karatasi mfukoni, akarudi kwenye nyundo yake.

Hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Mchungaji alikaa. Mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa mbele ya mtu mwenye uchungu, na hakuwa na mstari wa kumsomea, wala ombi la kufungia mazungumzo, wala simu ya kumwokoa. Lori lilipita. Fundi alikata kitambaa, akakipima juu ya mgongo wa kochi, kikawa kinateleza.

"Kama umekuja kukaa tu," alisema, "basi shika hapa. Vuta. Si kwa nguvu hivyo, utakichana. Hivyo hivyo."

Kesho yake mchungaji alirudi, na keshokutwa. Alijifunza kuvuta kitambaa bila kukikunja, na kupaka gundi kwenye sponji bila kuipaka suruali. Fundi aliongea anapotaka na kunyamaza anapotaka. Alimweleza mke wake alivyokuwa: mwanamke aliyebishana na redio kana kwamba inamsikia, aliyetia chumvi mara mbili kwa kusahau kisha akailaumu sufuria. Mchungaji alikuwa amemshirikisha meza ya Bwana mwanamke huyo kwa miaka tisa. Hakuyajua hata moja kati ya hayo.

Wiki ya tano, wakigeuza kochi zito la watu watatu, fundi aliliachia upande wake kabla ya wakati. Likatua kwa kishindo. Akalikalia.

"Nikwambie jambo," alisema. "Siku ile aliyofariki aliniambia, 'Baba, leo usiende kazini, kaa na mimi.' Nikamwambia, ngoja nipeleke haya makochi kwa mwenyewe, narudi sasa hivi. Nilipeleka. Mwenyewe akasema mguu mmoja unacheza, nikakaa kuutengeneza. Niliporudi wamemfunika." Alikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha. "Wewe nimekuchukia miaka miwili kwa sababu ilikuwa rahisi. Kuna mwingine wa kumchukia, ila huyo naamka naye kila asubuhi."

Mchungaji aliliweka daftari chini. Alizunguka kochi, akaketi kando yake, akaweka mkono mgongoni pake. Walikaa hivyo mpaka mteja mmoja alipofika kuulizia viti vyake, akawatazama, akasema atarudi mchana.

Jioni hiyo aliomba kwa moyo, bila sauti. Hakumweleza Mungu mipango. Aliorodhesha majina ya nyumba alizoingia na kutoka upesi, na orodha ilipomshinda aliacha, akabaki amepiga magoti tu.

Wiki ya sita ilipotimia daktari alimruhusu kusema. "Ahsante," alisema, akashtuka kuisikia. Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, kama ya baba yake. Kutoka kliniki alikwenda moja kwa moja karakanani.

"Nisamehe," alimwambia fundi.

"Nilishasoma," fundi alijibu. "Miwani ilikuwa mfukoni. Sikutaka iwe rahisi."

Jumatatu iliyofuata walikwenda makaburini wawili tu. Mchungaji aliisoma ibada ya maziko kutoka mwanzo hadi mwisho, akipumzika kila sauti ilipokatika, na jina la marehemu alilitaja sawasawa. Ilichukua karibu saa nzima. Fundi alilia kidogo, kisha akang'oa majani.

Kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mchungaji alisema ibada ya tatu ataichukua mwinjilisti, redio ameiacha, na Jumatatu hapatikani. Katibu hakufurahi.

"Kazi ya Mungu haina likizo, Mchungaji."

"Mungu mwenyewe alifanya kazi siku sita akapumzika," alijibu kwa sauti yake mpya. "Sijasikia kamati iliyomwita ajieleze."

Wawili walicheka. Wengine hawakucheka. Familia kadhaa zilihamia kanisa lenye vishindo zaidi, na ukumbi ulikaa miezi minane bila paa. Fundi alirudi ibadani Jumapili moja, akakaa nyuma, akatoka kabla ya tangazo la kwanza. Baada ya majuma mawili alirudi tena, akakaa mpaka mwisho. Benchi la mbele hajalirudia.

Mwinjilisti alihubiri vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Hilo lilimuuma mchungaji kwa muda, kisha likaacha kumuuma.

Jumatatu ambazo mkewe hana zamu, huenda naye sokoni kwa miguu. Mara ya kwanza mchungaji alitangulia hatua ishirini bila kujua, akageuka, akamwona anakuja pole pole, anachechemea mguu wa kushoto.

"Una nini mguuni?"

"Goti."

"Tangu lini?"

Mkewe alihesabu. "Mwaka wa tatu huu."

Alirudi zile hatua ishirini, akampokea kikapu, wakaendelea kwa mwendo wa mkewe.