Nusu Inchi za Mgongoni

Doa la damu lilikuwa kwenye kola ya shati jeupe la mteja, bichi kabisa. Nikasimamisha cherehani.

"We mtoto! Umejidunga, umeniharibia kazi, na hata husemi?"

Binti yangu aliinua macho tu. Shingo ilibaki palepale, imechomoza mbele kama ya kobe. Simu ilikuwa mapajani, picha zinakimbia.

"Damu gani, mama?"

Nikamshika mkono. Sindano ilikuwa bado imemkaa kwenye kidole cha shahada, naye anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Haikuumi?"

"Vidole vinakufa ganzi tu. Tangu mwezi uliopita. Nilijua utasema ni simu."

Ningesema, tena kwa kelele. Badala yake nikachukua futi ya kupimia, maana mikono yangu ikiingiwa na hofu haijui kazi nyingine, nikampima mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha mbele. Kimo chake hakijabadilika kwa miaka miwili. Mgongo ulikuwa umeongezeka inchi mbili. Mbele imepungua moja.

Sikushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tarakimu zile nilikuwa nazijua. Kila gauni lilipomvuta nyuma niliongeza nusu inchi, nikapunguza mbele, nikapiga pasi, nikamwambia amependeza. Fundi hodari mimi! Nguo zilimkaa vizuri mno, hakuna aliyeona mgongo unavyopinda, hata mimi mama mtu niliyekuwa nikiukatia kitambaa.

Nikafunga duka asubuhi ileile, wateja wakasirike wakitaka.

Daktari alikuwa mpole. Alisema kichwa kikiinama saa nzima nzima kinailemea shingo, na mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi inaweza kubanwa. Vijana wengi humjia na maumivu ya kichwa na mabega. Wa ganzi ni wachache.

"Atapona?" nikauliza.

"Wengi hupona wakiwahi, mama."

Wakiwahi. Nilianza kuhesabu magauni niliyomshonea, nikaacha njiani kwa woga.

Daktari akachukua pamba. "Fumba macho, binti. Nikikugusa, taja kidole."

Akagusa kile kidogo kabisa. "Cha mwisho," binti yangu akasema. Akagusa kinachofuata. "Cha pete." Nikashusha pumzi, karibu nicheke. Cha kati alisitasita, akakipata.

Akahamia cha shahada. Kimya. Akaiweka pamba chini, akachukua kijiti chenye ncha, akabonyeza. Akahamia gumba, akabonyeza hadi ngozi ikabonyea. Hakunitazama. Nilijishika mdomo nisipige ukunga.

Binti yangu alikaa ametulia, macho kafumba, anatabasamu kidogo.

"Endelea basi, daktari," akasema. "Niko tayari."